Mama Kina: Miaka Ishirini na Tisa Mdomoni mwa Kisima

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi mkuu wa timu ya pili ya pampu atarudisha ufunguo wa kabati lake pale stoo na kutia sahihi kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka ishirini na tisa na miezi minne katika karakana hii. Katika muda huo amefunga pampu kwenye visima mia sita na kumi na viwili, vingi vyake mahali ambako nguzo za umeme hazijafika mpaka leo. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Imo kwenye madaftari saba yenye madoa ya grisi, na hakuna mtu hapa aliyewahi kuthubutu kuibishia.

Sote tunamwita Mama Kina. Wageni huchanganyikiwa. Husikia jina, wakasubiri limalizike, kisha wakauliza, Mama kina nani? Tumezoea kuwajibu kwamba ni Mama Kina tu, basi. Wengi hudhani alipewa jina hilo kwa sababu anavijua sana visima virefu. Si hivyo. Aliposikia kwamba nimepewa kazi ya kuandika kurasa hizi, alikuja mezani kwangu, akasogeza kikombe changu pembeni ili nimsikilize vizuri, akasema: "Ukiandika, andika na habari ya kisima cha dereva. Usinipake rangi nikaonekana malaika."

Nimekuwa fundi umeme wa timu yake kwa miaka kumi na tisa. Amri yake naijua nikiisikia. Nitafika huko.

Aliingia hapa kama karani wa stoo. Kazi yake ilikuwa kupokea bolti, valvu na mabomba, kuvipanga kwenye rafu na kuvitoa kwa mafundi waliokuja na karatasi. Kwenye rafu ya chini kabisa ziliwekwa pampu zilizorudishwa zikiwa zimekufa. Hakuna aliyezijali. Yeye zilimkosesha raha. Alitaka kujua kila moja imeuawa na nini, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na muda wa kumweleza, akaanza kuzifungua mwenyewe saa ya chakula cha mchana.

Siku moja mkuu wa karakana aliingia stoo akakuta pampu nzima imetandazwa mezani juu ya gazeti, vipande thelathini na kitu, na karani wake ameshika spana ambayo hakupaswa kuishika. Hakumkemea. Alimwambia airudishe kama ilivyokuwa kabla ya saa za kazi kwisha, kisha akavuta kiti akakaa. Mama Kina aliirudisha. Ilibaki bolti moja mkononi, na mpaka leo hawajakubaliana ilitoka wapi. Wiki iliyofuata alihamishiwa kwenye timu.

Miaka ya kwanza haikuwa laini. Overoli za kampuni zilishonwa kwa vipimo vya wanaume, kwa hiyo alitembea amekunja miguu ya suruali mara tatu na kujifunga kamba kiunoni. Wateja nao walikuwa na yao. Kuna bwana mmoja aliyemkuta amepiga magoti kando ya kisima, mikono imejaa grisi mpaka kwenye viwiko, akamuuliza fundi yuko wapi. Mama Kina alimjibu kwamba fundi anakuja. Akaendelea na kazi, akafunga, akajaribu, akakusanya vifaa vyake. Yule bwana alipouliza tena, akamwambia fundi alishafika na sasa anaondoka. Maji yalikuwa tayari yanamwagika kwenye tangi.

Alipofikisha mwaka wa kumi na moja alikuwa ameshakabidhiwa timu, na mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu chini yake. Ndipo ilipotokea habari ya dereva.

Huyu alikuwa dereva wa basi aliyestaafu. Yeye na mkewe, mshonaji, walikuwa wamenunua kipande cha ardhi mbali sana na laini ya umeme, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza inayotazama mabonde. Kila kitu walikuwa nacho ila maji. Walikuwa wakiyafuata na mkokoteni, madumu kumi kwa safari, kwenda na kurudi saa mbili na nusu. Mzee alivuta mbele, mama alisukuma nyuma, na mama alikuwa na nyonga mbovu. Alitembea ameegemea upande mmoja, na akikaa ilimchukua muda kuinuka. Walichimbiwa kisima, wakatuita tufunge pampu ya sola.

Kanuni ya kazi yetu ni moja kabla ya zote: pampu huning'inizwa juu ya sakafu ya kisima kwa nafasi ya kutosha, isije ikanyonya mchanga. Ili ujue nafasi hiyo lazima ujue kina. Na kina hupimwa kwa mkono, kwa kamba yenye alama na timazi zito mwishoni. Unaishusha mpaka uhisi imegota.

Siku ile tulichelewa. Lori lilizama kwenye mchanga njiani, tukafika saa sita badala ya saa mbili, na wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa mabonde. Kamba ya kupimia ilikuwa chini kabisa ya mzigo, imelaliwa na duara zima la bomba. Karatasi ya mchimbaji tulikuwa nayo, imepigwa muhuri, inasema mita themanini na mbili. Mama Kina aliiangalia karatasi, akaliangalia wingu, akasema tushushe mpaka sitini na nane.

Tukashusha. Mimi nikaunga nyaya, nikafunga kisanduku cha kuongozea pampu ukutani, nikaelekeza paneli. Maji yalitoka kabla ya mvua. Yule mama aliweka kiganja chini ya bomba akakiacha hapo, maji yanampita kati ya vidole. Mumewe alitushika mikono mmoja mmoja. Kabla ya kuondoka, Mama Kina alimwonya mzee kwamba kile kisanduku asikifungue kwa sababu yoyote ile. Alimwambia kwa ukali kidogo, kama anavyowaambia wote.

Wiki tatu baadaye tulikuwa tunakula mchana hapa karakana. Fundi wa timu ya kwanza akawa anasimulia kisima walichokipima asubuhi, kazi ya mchimbaji yuleyule, kwamba karatasi imezidi kina halisi kwa mita tisa. Wengine walicheka. Mama Kina aliweka kijiko chini. Hakukishika tena. Saa nane alikuwa ofisini kwa mkuu anaomba ruhusa ya siku moja, na alfajiri iliyofuata mimi na yeye tulikuwa njiani na kamba ya kupimia imewekwa mapajani mwake.

Mama mshonaji alitupokea uani akifurahi kweli. Alisema afadhali tumefika, maana wamesubiri sana, akauliza kama tumekuja na ile spea. Mimi nikafungua mdomo kuuliza spea gani. Mama Kina akanikanyaga mguu. Alikuwa ameshamwona mzee aliyesimama nyuma ya mkewe, mikono imeshikana, macho chini. Akamjibu mama kwamba tumekuja kuangalia kwanza.

Tukaenda na mzee mpaka kwenye paneli, nyuma ya nyumba. Pale alisema yote. Pampu ilifanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi aliona mijusi wameingia kwenye kisanduku kupitia tundu la waya, akakifungua, akawatoa, akapangusa vumbi kwa kitambaa, akafunga. Kesho yake pampu ikanguruma, ikanyamaza. Alijua ni yeye. Aliona haya kutupigia simu, na kwa mkewe aliona haya zaidi, kwa hiyo alimwambia kwamba karakana inaagiza spea na itachukua muda. Tangu hapo walikuwa wamerudi kwenye mkokoteni.

"Ulinikataza, binti yangu," alisema. "Ulinikataza waziwazi, nikagusa."

Mama Kina aligeuka kwangu. Alinionyesha kisanduku kwa kidevu. Nilikifungua, nikapima kila waya. Kilikuwa kizima. Hata vumbi halikuwamo, mzee alikuwa amepangusa vizuri. Kisha Mama Kina akatoa kamba, akapitisha timazi pembeni ya bomba, akaanza kushusha. Najua kuhesabu alama zile, nikawa nahesabu naye kimoyomoyo. Hamsini. Sitini. Sitini na tano. Kwenye sabini na moja kamba ikalegea.

Akaivuta kidogo, akaiachia tena. Sabini na moja. Mchanga ulikuwa umejaa kutoka chini, na pampu yetu ilining'inia mita tatu tu juu yake. Ilikuwa imemeza mchanga tangu siku ya kwanza.

Nimemwona Mama Kina akiwa na homa, nimemwona siku ya msiba wa mama yake, lakini uso kama ule sijauona tena. Aliikunja kamba pole pole. Akamwita na mama mshonaji atoke nje, akawaambia wote wawili wakiwa wamesimama pale kando ya kisima.

"Si wewe, mzee. Kisanduku hakina kosa. Nimeiua mimi. Sikupima."

Mzee alitafuta pa kukaa, akakalia dumu tupu. Mkewe alimwangalia, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama basi hakukuwa na spea yoyote iliyokuwa inakuja. Mzee akatikisa kichwa. Mimi nilidhani sasa patachimbika. Mama yule alimgeukia, ameegemea upande wake ule.

"Wiki nzima na siku tatu," alisema. "Unavuta mkokoteni na hilo limo moyoni. Wewe baba, hujachoka?"

Akaingia ndani, akatutengenezea chai. Iliwekwa mbele yetu barazani, vikombe vinne vimejaa mpaka juu. Mama Kina alikiangalia kikombe chake kwa muda mrefu. Sote tulijua maji yale yamefikaje pale. Alikunywa mpaka tone la mwisho, na alipoongezewa hakukataa.

Kurudi hapa, mkuu wa karakana hakuwa na haraka ya kumlaumu mtu. Alisema kosa ni la karatasi, na mwenye karatasi ni mchimbaji, kwa hiyo wateja wamtafute yeye. Mchimbaji mwenyewe alikuwa ameshahama na mitambo yake, hapatikani kwa simu. Mkuu alikuwa mtu mwema na alisema hayo ili kumlinda fundi wake. Mama Kina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi haikushusha pampu," akamwambia. "Niliishusha mimi."

Pampu mpya hazikuwapo stoo, na hata zingekuwapo zilikuwa na wenyewe. Akarudi kwenye rafu yake ya chini. Kwa siku nne alifungua pampu zilizokufa, akachukua mota ya moja, mapanga ya kusukumia maji kutoka nyingine, ganda la ya tatu. Mkuu alipita mara mbili, mara ya tatu akavua koti akashika tochi. Safari hii haikubaki bolti.

Tulirudi watu wanne. Kuvuta mita sitini na nane za bomba lililojaa mchanga si mchezo, na mzee alikataa kukaa pembeni, alivuta na sisi mpaka mwisho akihesabu kwa sauti kama anawahesabu abiria. Pampu ya zamani ilipotoka, tuliipindua, mchanga ukamwagika kama unga. Ile tuliyoiunda tuliishusha mpaka hamsini na tano, Mama Kina akiwa ameshika kamba yake muda wote. Tulipowasha na maji yakaja, hakutaka tushangilie. Aliomba beseni jeupe. Kila nusu saa alilijaza, akaliacha litulie, akainama kutazama kama kuna punje chini. Alifanya hivyo tangu saa nne mpaka jua lilipopungua nguvu na pampu yenyewe ikapunguza mwendo. Beseni la mwisho lilikuwa safi, unaona mpaka mkwaruzo wa enameli.

Pampu ile ya vipande vya maiti ilifanya kazi miaka tisa.

Kutoka siku hiyo, popote tulipokwenda, kabla injini ya lori haijazimwa tulimsikia akiuliza: kina? Ukimjibu kwa karatasi anakurudisha kisimani. Ukimjibu kwa kukumbuka anakurudisha kisimani. Ndio mwanzo wa jina. Na ndio mwanzo wa jambo la pili, ambalo nyote mnalifuata bila kujua limetoka wapi: ziara ya siku ya thelathini. Mwezi mmoja baada ya kufunga pampu tunarudi kwa mteja, aite asiite. Mama Kina aliliomba kwa mkuu kwa sababu moja tu, kwamba wako watu ambao kitu kikiharibika hujilaumu wao wenyewe na kunyamaza. Tangu tuanze ziara hizo tumewakuta wengi wa namna hiyo, zaidi ya nilivyotarajia.

Mama mshonaji alimtumia kifurushi miezi miwili baadaye. Ndani mlikuwa na overoli iliyokatwa kwa mwili wake hasa, ingawa hakuwahi kumpima. Alimkadiria kwa macho siku ile ya chai. Pajani ilikuwa na mfuko mwembamba, mrefu, wa kuwekea kamba ya kupimia. Mama Kina aliivaa mpaka ikachakaa, akatumiwa ya pili, na ya tatu. Mzee dereva alishafariki, miaka sita sasa. Tulikwenda kuzika, timu nzima. Mkewe bado yuko kwenye nyumba ile, na siku hizi anamwagilia mchicha na nyanya ubavuni mwa baraza.

Nisiwadanganye kwamba Mama Kina amekuwa rahisi kufanya naye kazi. Hapendi simu, na anayempigia akiwa kisimani hujuta. Huandika vipimo kwenye mkono wa kushoto kwa kalamu, halafu ananawa, halafu anatuuliza sisi. Kusifu hajui. Amefundisha mafundi kumi na mmoja walio kazini leo, na kila mmoja wao atakwambia kwamba sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kupewa na Mama Kina ni neno moja: haivuji. Lakini fundi wetu wa kuchomelea alipolazwa wiki tano, ni yeye aliyekuwa anapita hospitali kila jioni na kumsimulia kazi zote za siku, bomba kwa bomba, mpaka muuguzi akamwomba apunguze maana hata wagonjwa wa vitanda vya jirani walikuwa wanaanza kutoa maoni.

Tumshukuru pia shemeji yetu kinyozi, ambaye kwa karibu miaka thelathini amekubali mke arudi nyumbani ananuka dizeli, na ambaye kwenye banda lake ndiko tulikonyolewa kwa mkopo kila tulipoelekea kwenye harusi. Anasema ana mpango mmoja tu, kumwona mkewe akilala mpaka saa mbili asubuhi. Hatumtii moyo sana.

Kazi ya mwisho ya Mama Kina ilikuwa wiki mbili zilizopita, kwa mfuga nyuki mmoja anayeishi peke yake mbali na barabara. Kila kitu kilikwenda sawa. Kina kilipimwa mara mbili. Niliwasha. Kama kawaida, bomba lilianza kwa kuvuta pumzi, likakohoa, likanyamaza. Huchukua dakika maji kupanda kutoka chini kote kule, na sisi huzungumza tu, tunafunga vifaa. Siku hiyo nilimtazama. Alikuwa amesimama kando, mkono mmoja juu ya bomba, anaangalia viatu vyake, midomo imekazwa. Maji yalipotoka, mfuga nyuki akaweka kofia yake chini yakaijaza, na Mama Kina akashusha mabega.

Njiani nilimuuliza kama bado huwa na wasiwasi, baada ya visima vyote hivyo. Alitazama nje ya dirisha la lori.

"Kila mara," akasema. "Kuanzia cha kwanza. Pale kabla hayajatoka, naogopa kila mara."

Miaka kumi na tisa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, na sikujua.

Mama Kina, ahsante kwa visima mia sita na kumi na viwili, na kwa dakika mia sita na kumi na mbili za namna hiyo ulizozibeba peke yako ili sisi tufunge vifaa tukipiga soga. Kuanzia Jumatatu, dakika hiyo ni yetu. Wewe nenda kapumzike na mwenzako, ufungue bomba asubuhi usilisikilize, na maisha yakujie kwa wingi, safi, bila punje ya mchanga.

Wenzako wa timu ya pili na karakana nzima.